Uzi: Unataka kusoma ustaarabu wa kale mpaka masta na PhD? Tuongee kupitia Kush

Wakuu habari za saa hizi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi, ila kama wewe ni yule kijana uliyemaliza digrii ya kwanza ya historia au akiolojia na moyo wako uko kwenye mambo ya kale, kaa hapa tuongee.

Naandika kwa sababu swali ni lilelile kila siku. Mtu anasema anapenda Misri, anapenda Kush, anapenda Babeli, anataka kwenda mpaka juu, aanzie wapi. Majibu yanakuja ya aina mbili, wapo wanaomwambia achana nayo hayana hela kasomee ugavi, na wapo wanaomrushia video za nani alijenga piramidi. Kijana anaondoka mikono mitupu. Mimi niko kwenye hii njia, masta nilisoma Ulaya historia ya kale ya bonde la Nile na sasa nafanya PhD, eneo langu ni Kush, ule ufalme wa kale wa Sudan kusini mwa Misri, kwahiyo nitaongea ninachokijua na sitawagusa Wachina wala Wamaya.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ukifika masta na kuendelea, kujua habari nyingi za kale hakukubebi tena, habari kila mtu anazo kwenye simu. Unachopimwa ni kama unaweza kukaa na ushahidi wenyewe bila mtu katikati, jiwe lenye maandishi ulisome mwenyewe, kigae cha chungu ukitazame ukijue ni cha lini na cha wapi. Asiyeweza hayo atasimuliwa maisha yake yote, na sisi Waafrika tumesimuliwa vya kutosha.

Chukua Kerma. Kerma iko kaskazini mwa Sudan karibu na maporomoko ya tatu ya Nile, ndio ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kwanza wa Kush, kuanzia kama mwaka 2500 KK mpaka karibu 1500 KK. Mpaka leo limesimama jengo moja kubwa la matofali ya udongo linaitwa Deffufa, urefu wake kama mita 18, na ndani ni matofali tupu yamejazwa mpaka juu isipokuwa ngazi na vichumba vichache. Mmarekani George Reisner alichimba pale kati ya 1913 na 1916, na kwenye makaburi ya wafalme, vilima vya duara ambavyo vikubwa vina kipenyo cha karibu mita 90, akakuta mamia ya watu waliozikwa pamoja na mfalme, na katikati ya hayo akakuta sanamu za Kimisri zimevunjika. Moja ni ya Hepzefa, mkuu wa jimbo la Asyut kule Misri, na nyingine ya mkewe Sennuwy, ambayo ni nzuri ajabu na leo iko makumbusho ya Boston.

Reisner akahitimisha kwamba Kerma ilikuwa kituo cha Wamisri, Hepzefa alikuwa gavana wao, akafa huko akazikwa huko kwa desturi za wenyeji. Tatizo kaburi la Hepzefa linajulikana, liko kwao Asyut. Na sanamu zenyewe ni za miaka ya 1900 KK huku vilima vya makaburi ni vya karne kama tatu baadaye. Lakini kwa Reisner mji mkubwa namna ile na utajiri ule haukuweza kuwa wa watu weusi, kwahiyo alitafuta Mmisri wa kuuweka juu. Hata wafalme wa Napata, mji mkuu wa Kush ya baadaye, waliokuja kutawala Misri baadaye alisema asili yao ni Walibya.

Sasa angalieni kilichomwangusha. Kuanzia miaka ya 1970 Mswisi Charles Bonnet na timu yake kutoka Geneva walichimba mji wenyewe na sio makaburi ya wakubwa tu, wakakuta kuta, mageti, nyumba, tanuri za mikate, jumba la mkutano la duara lililojengwa kienyeji kabisa, na makaburi ya watu wa kawaida yanayokadiriwa kupita elfu thelathini, na vyungu vyao, vile vyekundu vyenye mdomo mweusi vyembamba kama ganda la yai, vinaonyesha ufundi uliokua pale pale kizazi kwa kizazi. Halafu mwaka 2003 wataalamu waliokuwa wanasafisha kaburi la gavana Sobeknakht kule Elkab, kusini mwa Misri, wakakuta maandishi yanayosimulia Wakushi walivyoivamia Misri wakiwa na washirika wao mpaka watu wa Punt, nchi ya kale upande wa Pembe ya Afrika. Yaani Wamisri wenyewe wanakiri walivamiwa. Zile sanamu za Hepzefa na mkewe njia rahisi ya kuzieleza ni kwamba zilibebwa, mateka ya vita au biashara ya vitu vilivyoporwa, zikapelekwa Kerma kumzika nazo mfalme mshindi.

Kilichobadilisha historia pale ni vigae na maandishi. Kelele peke yake hazikubadilisha chochote. Na nimsemee Reisner kitu kimoja cha haki, jamaa alikuwa anaandika kila kitu, kila kigae na kila mfupa ulikolala, picha na michoro, ndio maana waliokuja nyuma waliweza kuchukua daftari zake mwenyewe wakafika kwenye jibu tofauti na lake. Usomi unatakiwa uwe hivyo, uache kazi ambayo hata anayekupinga anaweza kuitumia.

Kuna kitu kingine cha Kerma ambacho sisi huku tunakielewa haraka kuliko mwanafunzi wa Berlin. Mbele ya kaburi moja la mkubwa yalipangwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya elfu nne, nusu duara, pua zimeelekea kaburini. Wataalamu wa mifupa wakaona baadhi ya pembe zilikunjwa makusudi mnyama akiwa hai, desturi ambayo Wadinka wanayo mpaka leo. Mtoto wa mfugaji ukimwonyesha hiyo picha hahitaji nadharia, anajua msiba ule ulikuwa wa mtu mkubwa na watu walitoka mbali na mifugo yao. Sisemi hiyo inathibitisha udugu wa damu, hapana, ila maswali unayouliza yanatoka kwenye maisha uliyoishi na huko vyuoni maswali ya mfugaji hayapo ya kutosha.

LUGHA SASA, HAPA NDIO WENGI WANAKATA TAMAA

Ukitaka Kush lazima upite Misri, kwa sababu kwa karne nyingi Wakushi waliandika Kimisri. Kwahiyo unaanza na Kimisri cha Kati, kwa hieroglifi yaani maandishi ya picha, alama za konsonanti moja zile ishirini na kitu, halafu zenye konsonanti mbili na tatu, halafu alama za mwisho wa neno ambazo hazisomwi zinakuonyesha tu neno ni la jamii gani. Irabu hakuna, hawakuziandika. Mwaka wa kwanza unaweza kukaa semina nzima mnasoma mistari mitano sita, profesa anamsimamisha kila mmoja, hiki kitenzi kiko umbo gani, hii ni nomino au ni sifa, na ukisema nimeangalia tafsiri anakwambia tafsiri ameandika mtu kama wewe, onyesha kwenye jiwe.

Lakini siku unasoma mwenyewe jiwe la Piye unasahau machungu yote. Piye ni mfalme wa Kush aliyeteka Misri kwenye miaka ya 720 KK hivi, ukoo wake ndio nasaba ya 25 ya Mafarao wa Misri, na Taharqa aliyetawala 690 mpaka 664 KK ndiye Tirhaka anayetajwa kwenye Biblia, 2 Wafalme 19. Piye aliandikisha ushindi wake kwenye jiwe lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862, mistari 159, Kimisri safi. Kuna sehemu ameuteka mji wa Hermopolis, mtawala wake Nimlot ameshasalimu amri, Piye anapita kwenye jumba, wanamletea wanawake wa mfalme hawaangalii, anaenda zake kwenye zizi la farasi. Anakuta wamekondeana kwa njaa ya kuzingirwa. Anaapa kwa mungu Ra kwamba kuwashindisha njaa farasi kumemuuma kuliko maovu mengine yote aliyoyafanya Nimlot. Unasoma hilo neno kwa neno unamuona mtu kabisa, na ukijumlisha na makaburi ya farasi 24 yaliyochimbwa El-Kurru kwenye makaburi ya nasaba hiyo, unajua hakuwa anajisemea tu. Mwisho wa jiwe watawala wa Misri wanakuja kumsujudia, watatu kati ya wanne wanazuiwa kuingia jumbani kwa sababu hawajatahiriwa na wanakula samaki, anaingia Nimlot peke yake. Huyu ni Mkushi anawafundisha Wamisri usafi wa dini ya Kimisri.

Baada ya hapo inakuja Demotiki, mwandiko wa mkato wa Kimisri cha baadaye, na Kigiriki kwa ajili ya waandishi wa kale Herodotus, Diodorus na Strabo. Na Kijerumani na Kifaransa za kusomea, hizo hazina mjadala, maana ripoti nyingi za uchimbaji wa Sudan ziko kwa lugha hizo, Wajerumani walichimba Musawwarat es-Sufra tangu miaka ya 1960, Wafaransa wamechimba Sedeinga. Kiarabu ukiwa nacho umeshapiga hatua mbele ya wengi, huwezi kufanya kazi Sudan ukiongea kupitia mkalimani.

Halafu kuna Kimeroe, lugha ya Wakushi wenyewe, jina limetokana na Meroe, mji wao mkuu wa baadaye, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Kuanzia kama karne ya pili KK Wakushi waliacha kutegemea Kimisri wakaandika lugha yao. Wana alama 23 tu, kwa mitindo miwili, wa picha kwa ajili ya mahekalu na wafalme na wa mkato kwa matumizi mengine, maneno yanatenganishwa kwa vidoti. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifanikiwa kujua sauti za hizo alama kati ya 1909 na 1911. Kwahiyo kusoma kwa sauti tunaweza. Kuelewa ndio shida, lugha yenyewe imekufa na hatujapata jiwe refu lenye maandishi yaleyale kwa lugha mbili kama lile la Rosetta lililomsaidia Mfaransa Champollion kufumbua hieroglifi mwaka 1822. Maandishi yaliyopatikana yamepita elfu moja, tunaelewa vizuri aina moja, ya makaburini, kwa sababu yanajirudia.

Chukulia meza ya sadaka ya kaburini. Ni bamba la jiwe, limechongwa mdomo wa kumwagia maji, katikati picha ya miungu inamimina, na maandishi yanazunguka pembeni. Unaanza kulia kwenda kushoto, wanaombwa kwanza miungu Isis na Osiris, halafu jina la marehemu, halafu amezaliwa na nani na baba yake ni nani, vyeo vya ndugu zake wakubwa, halafu ombi, apewe maji tele, apewe mkate tele. Maji ni "ato". Mfalme ni "qore", na "kandake" ndiyo hiyohiyo ya Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi wa Kandake aliyekuwa anarudi kwao anasoma Isaya garini. Ukishashika meza moja unaweza kuzisoma nyingi.

Sasa ukitoka makaburini giza. Na mfano unaouma ni huu. Mwaka 25 KK hivi vita vilizuka kati ya Kush na Roma, jeshi la Kush likashuka likateka Aswan na kuangusha sanamu za Kaisari Augustus, Warumi wakajibu wakafika mpaka Napata. Ikaisha kwa mapatano kisiwani Samos, Augustus akawaondolea Wakushi kodi. Strabo anatusimulia, kwa upande wa Roma bila shaka, anasema Kandake alikuwa na jicho moja na kwamba Warumi walishinda kila kitu. Kichwa cha shaba cha Augustus kilichimbwa Meroe mwaka 1910, kilikuwa kimefukiwa chini ya kizingiti cha jengo la kidini ili kila anayeingia amkanyage Kaisari. Kiko British Museum. Na humohumo kuna jiwe kubwa kutoka Hamadab, karibu na Meroe, la malkia Amanirenas na Akinidad, mwana wa mfalme, ambao ni watu wa kipindi hichohicho cha vita. Limeandikwa Kimeroe. Kwa maana kwamba maneno ya upande wa pili tunayo mkononi, tunaweza kuyatamka, na hatuwezi kuyaelewa isipokuwa majina na vipande. Wakuu hiki kitu kinaninyima usingizi.

Mfaransa Claude Rilly ameonyesha kwa kulinganisha msamiati kwamba Kimeroe kina undugu na Kinubi, na lugha ya Nara ya Eritrea, na Tama ya mpakani mwa Chad na Darfur, na Nyima ya milima ya Nuba. Wapo wanaompinga, wanaona kiko upande wa lugha za Kiafro-Asia, lakini wengi tunaenda na Rilly. Kundi hilo ni tawi la familia ya Sudani ya Mashariki, na familia hiyohiyo kwenye tawi lingine ndiko wanakowekwa Waniloti, yaani Wajaluo, Wamaasai, Wakalenjin, Wadinka, Waacholi. Ni undugu wa mbali sana, msije mkasema mmeambiwa Mmaasai anaweza kusoma jiwe la Hamadab. Ila kazi ya kuijenga upya lugha mama ya familia hiyo inahitaji watu wanaozijua lugha hizi kutoka tumboni, toni zake, wingi wake usio na kanuni moja, na watu hao wako Kisumu, Narok, Monduli, Gulu. Kwenye mikutano ya Kimeroe niliyohudhuria sijakaa na hata mmoja wao. Hapo kuna nafasi, na haijazibwa.

MASWALI YA WADAU, nayajibu kwa pamoja maana PM zimejaa

Mdau ameuliza kwanini tusitumie tu vipimo vya kaboni vya kujua umri wa vitu tukaachana na lugha. Swali zuri sana mkuu. Kaboni 14 inasaidia mno Kerma, lakini kati ya kama 800 na 400 KK mstari wa kusahihishia hivyo vipimo umelala bapa, unapima kipande cha mkaa unaambiwa ni cha wakati wowote ndani ya karne nne. Hiyo ni sehemu kubwa ya kipindi cha Napata. Kwahiyo mpangilio wa wafalme wa pale bado unategemea majina kwenye mawe, aina za piramidi, na mahali piramidi lilipo makaburini, wa mwanzo walichukua sehemu nzuri waliofuata wakabanana pembeni. Maabara na lugha zinahitajiana, usichague upande.

Dada aliyeuliza kwanini nihangaike na Kush wakati Kilwa ipo. Dada, Kilwa nenda, tena nenda kwa kasi, maana hadithi ni ileile. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960 akaielezea miji ya pwani kama kazi ya wageni waliotoka ng'ambo. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga kisiwani Pate tabaka kwa tabaka, akakuta msikiti mdogo wa miti wa karne ya nane chini ya misikiti ya mawe iliyofuata, na mji umekua taratibu kutoka kijiji cha wenyeji. Halafu mwaka 2023 ukaja utafiti wa DNA za kale za pwani ukaonyesha mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000 BK, upande wa akina mama Waafrika kwa wingi na upande wa akina baba wengi kutoka Uajemi. Sasa wale waliosema ni wageni tupu wameguswa na wale waliosema hakuna mgeni hata mmoja nao wameguswa. Ukiwa msomi wa ngazi ya juu unakubali kupelekwa na ushahidi hata ukikupeleka usikopenda. Kiarabu cha kale jifunze, Kilwa bila Kiarabu ni kama Kush bila hieroglifi. Na hiyo taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi ambayo Chittick aliiongoza, ndiyo iliyochimba pia Soba karibu na Khartoum, mji mkuu wa ufalme wa Kikristo wa Alwa, kwahiyo bonde la Nile na pwani yetu zimeshawahi kusomwa chini ya paa moja.

Kuhusu Mafarao walikuwa weusi au la. Nasaba ya 25 ilitoka Kush, hilo halina ubishi kwenye chumba chochote cha semina. Mengine yaliyobaki ni ubishi ambao haukuandikii sura hata moja ya tasnifu. Ukienda kwa supavaiza na pendekezo la utafiti linaloanzia hapo atakuuliza data iko wapi. Nenda na swali dogo lenye vitu vya kushika, kwa mfano chuma. Pale Meroe kuna vilima vya mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki baada ya kuyeyusha, mpaka reli ilipita juu ya kimoja, mwaka 1911 msomi mmoja akapaita Birmingham ya Afrika, akipafananisha na mji wa viwanda vya chuma wa Uingereza, na sentensi hiyo ikarudiwa kwenye vitabu miaka na miaka bila mtu kupima. Waliokuja kupima mabaki yenyewe ndio wakaanza kutuonyesha uzalishaji ulivyogawanyika kwa karne nyingi. Tanzania tuna kazi kubwa ya uyeyushaji chuma cha kale Buhaya kule Kagera, mtu aliyefundishwa kusoma mavi ya chuma ya Kagera anaweza kusoma ya Meroe, mbinu ni zilezile.

Ada. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, kuna mchango wa muhula tu, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg wanawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Ila kwa viza utatakiwa uonyeshe hela ya kujikimu kwenye akaunti maalumu na hiyo ndiyo inayowakwamisha wengi, kwahiyo DAAD, ufadhili wa masomo wa Ujerumani, omba mapema. Norway nayo ilikuwa bure kwa wote mpaka 2023 wakaanza kutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na washirika wake. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, imewahi kuwa na masta ya sayansi ya malighafi za kale. Uingereza kuna ufadhili wa Commonwealth. Usikubali mtu akuombee kwa malipo, barua ya maombi iandike mwenyewe, taja mkusanyiko au maandishi gani unataka kufanyia kazi na kwanini pale chuoni pao, wanaosoma hizo barua wanatafuta hicho.

Ajira, kwa ukweli. Kazi za kufundisha Kush dunia nzima ni chache, unaweza kumaliza PhD ukakaa mikataba mifupi mifupi. Nyumbani kuna makumbusho, idara ya Mambo ya Kale, vyuo, na tathmini za urithi kabla ya barabara na mabomba kujengwa, huko wanahitaji mtu anayejua kuchimba na kuandika ripoti. Kama una familia inakutegemea kesho asubuhi, tafuta kwanza kazi halafu jifunze lugha jioni, hieroglifi hazikimbii. Sitamdanganya mtoto wa mtu hapa.

Mkuu uliyeuliza Sudan kunaendeka? Kwa sasa uwanjani hapana. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 na makumbusho ya taifa pale Khartoum yameporwa, ile nyumba ilikuwa na vitu vya Kerma, Napata, Meroe, na michoro ya ukutani ya kanisa la Faras ambayo Wapoland waliiokoa miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika. Bwawa hilo liliwahamisha Wanubi kwa makumi ya maelfu kutoka kwao, wakapelekwa Kom Ombo na New Halfa, na sasa vita vimewahamisha tena wajukuu wao. Wenzetu Wasudan, walimu na wakaguzi wa mambo ya kale waliotufundisha kusoma tabaka za udongo, wengine wako Cairo, wengine Kampala na Nairobi wanaanza upya. Nikiona mtu anazungumzia Kush kama fahari ya Afrika na hajui kuna msomi wa Kush amepanga chumba mtaani kwake, inaniuma sana. Vyuo vyetu viwape madarasa wafundishe, hata semina moja kwa muhula. Tutapata elimu ambayo tunaifuata Ulaya kwa mkopo.

Wakati huo kazi iko kwenye makumbusho na kumbukumbu. Daftari na picha za Reisner ziko Boston na nyingine zinaonekana mtandaoni. Chuo Kikuu cha Bergen walitoa juzuu nne za maandishi ya kale yanayohusu historia ya Nubia, ndiyo nchi ya Kush, kila andiko na tafsiri yake pembeni, kati ya 1994 na 2000, tafuta hizo kabla ya kitu kingine chochote. Jarida la Sudan & Nubia matoleo ya nyuma unayapata bure. Kuna tasnifu nyingi zimelala kwenye maboksi ya vigae vilivyochimbwa na Reisner na John Garstang, aliyechimba Meroe, ambavyo hakuna aliyevichapisha ipasavyo.

Mdogo wangu uliyesema uko mwaka wa pili Mlimani na unaongea Kimaa nyumbani, wewe ndio nilikuwa nakutafuta. Chukua kozi za isimu hata kama sio fani yako, fonolojia na isimu linganishi, mwombe mwalimu wa isimu akufundishe kuandika toni kwa usahihi. Rekodi msamiati wa bibi yako wa ng'ombe, rangi zao, pembe zao, maziwa, udongo, mto. Halafu Kifaransa anza leo, maana kazi kubwa ya Rilly iko kwa Kifaransa.

Naanzisha kundi la kusoma Kimisri cha Kati, Jumamosi jioni, bure, kwa Kiswahili. Tunaanza na alama za konsonanti moja, tukimaliza tunaingia mistari ya kwanza ya jiwe la Piye. Uwe na daftari la mistari na penseli, alama lazima uzichore kwa mkono. Mwenye nia aandike hapo chini yuko nchi gani na anaongea lugha gani nyumbani.